Nani Alipie Maji ya Rangi?

Tiruppur, mji wa fulana kusini mwa India, ulimwaga maji ya rangi katika mto Noyyal kwa miaka mingi. Bwawa la Orathupalayam, lililojengwa kwenye mto huo ili limwagilie mashamba, likajaa chumvi na kemikali, na wakulima wakaenda mahakamani. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru mamia ya viwanda vya kutia rangi vifungwe hadi viache kabisa kumwaga majitaka. Serikali ya jimbo ikatoa mkopo usio na riba. Viwanda vikategemea mitambo ya pamoja inayochuja maji, kuchemsha yanayosalia na kurudisha chumvi kiwandani itumike tena. Umeme wake ni ghali mno. Hata hivyo, gharama iliwashukia wote kwa pamoja, jirani asiweze kumpiku jirani kwa bei.

Bangladesh nayo ina sheria: tangu kanuni za mwaka 1997, mwenye kiwanda cha rangi anatakiwa asafishe maji yake. Mitambo ipo, lakini wapo wanaoizima usiku, kwa kuwa dawa na umeme hulipiwa kila siku ilhali mkaguzi haji kila siku. Nchi hiyohiyo inaongoza duniani kwa viwanda vya nguo vyenye LEED, cheti cha majengo yanayojali mazingira; vimepita 200. Sidharau juhudi hiyo. Ila cheti kile hupima jengo, na uchafu mkubwa wa nguo hutokea kabla kitambaa hakijamfikia mshonaji, kwa mtia rangi ambaye mnunuzi wa Ulaya mara nyingi hana mkataba naye.

Ethiopia ilijenga mtambo wa kutomwaga majitaka katika eneo la viwanda vya nguo la Hawassa tangu mwanzo. Kisha, Januari 2022, Marekani ikaitoa nchi hiyo katika AGOA, mpango wa bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Mtambo ukabaki, soko likasinyaa.

Kwa hiyo siamini kwamba kikwazo ni ujuzi. Ujuzi upo Tiruppur. Kikwazo ni bei ya oda, ambayo haihesabu maji. Baada ya Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo nchini Bangladesh, kuporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100, kampuni nyingi za nguo zilitia saini mkataba wa usalama wa majengo wenye nguvu ya kisheria, uliozitaka zihakikishe viwanda vinamudu gharama za ukarabati. Maji ya rangi hayakuwamo. Yanapaswa kuwamo, kwa masharti yaleyale.