Vivuko vya Mombasa na njia zinazopotea kwenye ramani

Kutoka kivuko cha Likoni hadi Hospitali Kuu ya Pwani, iliyo kisiwani, mstari ulionyooka haufiki kilomita tano. Miaka michache iliyopita, mtu aliyepakua barabara za eneo hili, akaziingiza kwenye programu ya ramani na kuomba njia fupi ya gari la wagonjwa, angeweza kupata jibu la kushtua: panda Kwale, pita Kinango, tokea Mariakani, kisha rudi na barabara ya Nairobi mpaka Makupa. Safari ya zaidi ya kilomita 100. Au programu ingemwambia kwamba njia haipo kabisa. Hesabu ilikuwa sahihi kwa data iliyopewa, ila feri haikuwamo. Anayetaka kujua kwa nini haikuwamo hana budi kurudi nyuma, aone jinsi kisiwa cha Mombasa kilivyofungamanishwa na bara, kiungo kimoja baada ya kingine.

Kwa karne nyingi watu wa Changamwe, Kisauni na Likoni waliingia mjini kwa mitumbwi na mashua. Palikuwa na mahali pamoja tu, Makupa, ambapo maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Ndiyo maana Wareno walijenga ngome ndogo pale, na ndiyo maana Wazimba, walipoijia Mombasa mwaka 1589, walisubiri ng'ambo ya Makupa kabla ya kuingia. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, ilivuka papo hapo, kwanza kwa daraja la mbao la muda, kisha kwa daraja la chuma lililopewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Kwa hiyo kiungo cha kwanza cha kudumu kati ya kisiwa na bara kilikuwa cha gari moshi. Tuta la barabara lilikuja baadaye, likayaziba maji ya hori kwa miongo mingi, mpaka daraja jipya la Makupa lilipofunguliwa mwaka 2022.

Upande wa Kisauni, daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, na waliovuka walilipia. Daraja la zege tunalolitumia leo ni la mwaka 1980. Ukishalivuka unafika Kengeleni, panapoitwa hivyo kwa kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari katika miaka ya 1870. Upande wa kusini haukupata daraja. Feri ya Likoni ilianza mwaka 1937, na hadi leo inayavuka maji yenye upana wa nusu kilomita hivi, ikibeba watu wanaokadiriwa kufikia 300,000 kwa siku. Waendao kwa miguu hawalipi.

Kisiwa, bara tatu na vivuko vichache: hilo ni umbo ambalo wanahisabati wanalijua vizuri. Mwaka 1736 Leonhard Euler alilichunguza swali la mji wa Königsberg, uliokuwa na visiwa na madaraja saba: je, mtu anaweza kuyapita yote, kila moja mara moja tu? Alijibu kwamba haiwezekani. Ili kulithibitisha aliliacha umbo la mji, akabakiza nchi kavu kama nukta na madaraja kama viungo. Miaka 220 baadaye, mwaka 1956, Mholanzi Edsger Dijkstra alikaa mkahawani Amsterdam na, kwa maelezo yake mwenyewe, katika dakika 20 hivi akapata namna ya kuitafuta njia fupi kuliko zote kati ya nukta mbili. Aliichapisha mwaka 1959 katika kurasa tatu. Programu nyingi za njia zinazotumika leo, ziwe kwenye simu ya dereva au kwenye kompyuta ya mpangaji wa mji, zimejengwa juu ya kurasa hizo.

Hesabu ya Dijkstra haina macho. Haioni barabara wala bahari, inajua tu kwamba nukta hii imeungana na ile, na gharama ya kutoka moja hadi nyingine ni kiasi fulani. Hapo ndipo bara ya Mombasa inapoitia taabu.

Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, imechorwa na watu wa kujitolea, wengi wao wakifuatisha picha za setilaiti. Vichochoro vya Mlaleo, Mwandoni na Mtopanga vimo. Lakini kichochoro kikichorwa kikaishia mita mbili kabla ya barabara kubwa, jicho la binadamu litaona vimegusana, ilhali programu itaona pengo. Mtaa mzima unaweza kugeuka kisiwa kwa pengo la mita mbili. Njia nzuri ya kuvibaini visiwa hivi vya uongo ni kuiagiza programu ipake kila fungu la barabara zilizoungana rangi yake. Barabara zikiwa sawa, bara ya kaskazini, kisiwa na Changamwe vitakuwa rangi moja. Vijipande vya rangi nyingine ndivyo vya kufuatiliwa, kimoja kimoja, kwa picha ya setilaiti na, ikiwezekana, kwa kumuuliza mwendesha bodaboda wa mtaa huo.

Wengi huchoka na kazi hiyo, wakaiachia programu iunganishe yenyewe ncha zote zilizokaribiana. Hapa pana hatari ambayo sijaona ikisisitizwa vya kutosha. Programu huuliza: ncha zikaribiane kiasi gani ndipo ziunganishwe? Kama data iko katika digrii za latitudo na longitudo, na mtu akaandika 0.01 akidhani ni kipimo kidogo, ameruhusu zaidi ya kilomita moja. Mkondo wa Likoni haufiki upana huo. Programu itaunganisha ncha za Likoni na ncha za kisiwani, na daraja ambalo watu wa Likoni wamelingoja tangu enzi za wazee wao litakuwa limejengwa kwa kubonyeza kitufe. Ramani itapendeza, na kila jibu litakalotoka humo litakuwa si kweli. Dawa ni kuibadilisha data kwanza iwe katika mita, ukanda wa 37 Kusini kwa eneo letu, kisha kuruhusu mita chache tu.

Kosa la kinyume chake liko Miritini. Hapo reli ya SGR iliyozinduliwa mwaka 2017, reli ya zamani, barabara ya Nairobi na barabara ya mchepuo ya Dongo Kundu zimekusanyika mahali pamoja, nyingine juu, nyingine chini. Programu iliyoagizwa kuikata mistari kila inapopishana na kuweka makutano hapo itamruhusu dereva aliye darajani ageuze gari kwenda barabara iliyo chini yake. Makutano ya kweli ni yale ambayo mistari miwili inashiriki nukta moja, na aliyechora ndiye anayejua kama gari linaweza kugeuka pale.

Kisha kuna zile ramani za zamani za serikali, zilizochorwa kwa uangalifu mkubwa katika mfumo wa Arc 1960. Simu na setilaiti hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukiziweka pamoja bila kuzigeuza, tofauti katika eneo hili ni kati ya mita 250 na 300, na barabara za Likoni zinasogea kaskazini hadi majini. Mtu asiyejua asili ya ramani hizo anaweza kuwalaumu wapimaji wa kale, ambao hawakukosea kitu.

Feri yenyewe ndiyo yenye mtihani mkubwa zaidi. Katika OpenStreetMap njia ya feri haihesabiwi kama barabara, ina lebo yake. Anayepakua barabara pekee huiacha bila kujua, na Likoni yote hubaki peke yake. Akiikumbuka, akaiacha programu iipe kasi ya gari, tuseme kilomita 50 kwa saa, nusu kilomita ya maji itavukwa kwa sekunde 36. Kila aliyewahi kupanga foleni kivukoni asubuhi anajua kwamba muda mwingi huliwa na kungoja, na kungoja huko hakuna urefu kwenye ramani. Lazima muda wa kuvuka uandikwe kwa mkono, na uwe tofauti kwa saa za msongamano na za utulivu.

Kuna pia vivuko ambavyo ramani huviona hata visipofanya kazi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama karibu na ufuko na watu 272 wakafa. Tangu hapo huduma ya Mtongwe imesimama na kurejea zaidi ya mara moja, na mstari uliochorwa mara moja haujui lolote juu ya hayo. Daraja la kuelea la Liwatoni, lililozinduliwa Desemba 2020, lilikuwa la waendao kwa miguu tu, na lilifunguliwa katikati kupisha meli. Anayelichora bila kuandika hivyo analipitisha lori juu yake.

Mwaka 2024 barabara ya mchepuo ya Dongo Kundu ilikamilika kwa madaraja ya Mwache na Mteza, hilo la pili likiwa na urefu wa mita 1,440 hivi. Kwa mara ya kwanza gari liliweza kutoka pwani ya kusini hadi Changamwe bila feri na bila kuzunguka Kinango. Data iliyopakuliwa kabla ya hapo bado inazunguka katika kompyuta nyingi. Na daraja kubwa la Likoni lililopangwa kwa msaada wa Japani, likichorwa leo, halina budi kubeba lebo ya mpango, maana programu isiyoisoma lebo hiyo italitumia.

Kwa Likoni, basi, mpangaji wa huduma za dharura anahitaji kuiendesha hesabu mara mbili. Mara ya kwanza feri iwe inavuka, na muda wa foleni umeandikwa. Mara ya pili mstari wa feri ufutwe, gari la wagonjwa lipite Dongo Kundu, na hospitali ya kwanza kuangaliwa iwe ile ya Port Reitz, Changamwe, kabla ya ile ya kisiwani.