Majivu ya Volkano na Umri wa Zana za Mawe

Mtu aokotaye jiwe lililochongwa na binadamu wa kale aweza kueleza jinsi lilivyogongwa na upande uliotiwa makali. Bali hawezi, kwa kulitazama jiwe hilo peke yake, kusema lilichongwa lini. Mwamba lilikotoka ni wa kale kuliko mkono uliolichonga. Umbo lake nalo si shahidi wa kutegemewa, maana mtindo mmoja wa kuchonga huweza kudumu miaka laki nyingi. Kwa hiyo umri wa zana hutafutwa katika tabaka la ardhi lililoifunika. Historia ya utafiti katika Afrika ya Mashariki yaonyesha faida ya njia hiyo, na hatari yake pia.

Mfano wa kwanza ni Korongo la Olduvai nchini Tanzania, ambalo jina lake ni neno la Kimaasai, oldupai, yaani mkonge mwitu, lililoharibika katika maandishi ya wageni. Mwaka 1959 Mary Leakey aligundua huko fuvu lililoitwa Zinjanthropus, katika tabaka lenye zana za mawe. Wakati huo umri wake ulikisiwa kuwa yapata miaka 600,000. Mwaka 1961 Louis Leakey, pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis, walitangaza umri wa miaka milioni 1.75, ambao ni karibu mara tatu ya ule uliokisiwa.

Kipimo chao kilikuwa cha potasiamu na agoni. Sehemu ndogo ya potasiamu iliyomo katika mawe ya volkano hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, na nusu ya sehemu hiyo huisha kwa miaka milioni 1,250 hivi. Mwamba unapoyeyuka, gesi hutoroka. Unapopoa, gesi mpya huanza kulimbikizana, na kiasi chake ndicho kihesabucho miaka. Kipimo cha kaboni hakifai kwa kazi hii, kwa kuwa uwezo wake hukoma kwenye miaka 50,000 hivi.

Mfano wa pili ni Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana nchini Kenya. Mwaka 1969 Kay Behrensmeyer alikuta huko zana za mawe katika majivu ya volkano, na tabaka hilo likapewa jina la KBS, kwa herufi za jina lake na mahali pake. Sampuli zilipelekwa Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller. Ya kwanza ilitoa umri wa zaidi ya miaka milioni 200, jambo lisilowezekana. Ilikuwa dhahiri kwamba chembe za miamba ya kale zimechanganyika na majivu. Baada ya kuchagua chembe safi, mwaka 1970 walitangaza umri wa miaka milioni 2.61.

Namba hiyo ilikuwa na uzito mkubwa. Kama ingekuwa kweli, zana za Koobi Fora zingezitangulia zile za Olduvai kwa miaka zaidi ya laki nane. Tena, fuvu namba 1470, aliloliona Bernard Ngeneo mwaka 1972 chini ya tabaka hilo, lingekuwa na umri wa karibu miaka milioni tatu.

Shaka ililetwa na nguruwe. Basil Cooke alilinganisha visukuku vya nguruwe wa Koobi Fora na vile vya bonde la Omo nchini Ethiopia, akaona kwamba nguruwe wa chini ya KBS wafanana na wale wa Omo wenye umri wa miaka milioni mbili hivi. Mwaka 1975 Curtis na wenzake walipata umri mdogo zaidi katika vipimo vyao, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 vipimo vya maabara mbalimbali vilikubaliana juu ya miaka milioni 1.9 hivi.

La ajabu ni kwamba zana zenye umri wa miaka milioni 2.6 zilipatikana baadaye kweli, huko Gona nchini Ethiopia. Basi namba ya 1970 haikukosewa kwa sababu ya ukubwa wake. Ilikosewa kwa sababu haikuwa ya tabaka lile.

Hoja hiyo yarudi katika zana za Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, zilizogunduliwa mwaka 2011 na kutangazwa mwaka 2015 kuwa na umri wa miaka milioni 3.3. Baadhi ya wataalamu wameuliza kama zana zote zilitoka hasa katika tabaka lililopimwa. Swali hilo si la ukaidi. Majivu husema umri wa majivu. Kwamba jiwe lililochongwa lililala humo tangu mwanzo, ni jambo lihitajilo ushahidi wake lenyewe.