Upendeleo katika sampuli na maswali ya utafiti wa maoni

Upendeleo katika utafiti wa maoni ni kosa linaloyavuta matokeo yote kuelekea upande mmoja. Si sawa na kosa la sampuli, ambalo hutokana na bahati ya nani aliangukiwa na zamu ya kuulizwa, na ambalo hupungua kadiri wahojiwa wanavyoongezeka: sampuli nasibu ya watu 1,200 ina kosa la takriban pointi 3 juu au chini, na ya watu 2,400 takriban pointi 2. Upendeleo haupungui hivyo. Huzaliwa kabla jibu la kwanza halijapatikana, pale inapoamuliwa nani atafikiwa na ataulizwa kwa maneno gani. Kuongeza wahojiwa kwa njia ileile kunaupa tu uzito ambao haustahili. Ndiyo maana msomaji anayeanza kwa kuuliza walihojiwa wangapi ameanza na swali lisilo la kwanza.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni wa uchaguzi wa urais wa Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za kura zipatazo milioni 10 kwa watu ambao majina yao yalipatikana zaidi kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na karatasi kama milioni 2.4 zikarudi. Kwa idadi hiyo kosa la sampuli lingekuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Jarida likatangaza kuwa Alf Landon angepata asilimia 57 ya kura zitakazogawanywa kati yake na Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48, na utabiri ule ukawa umekosea kwa karibu pointi 20. Mtafiti wa maoni George Gallup, kwa sampuli ya takriban watu 50,000, alimtaja mshindi sawasawa. Kisa hiki husimuliwa kama habari ya matajiri wenye simu, lakini hapo ni nusu tu. Mwaka 1988 mtafiti Peverill Squire alichambua utafiti wa Gallup uliofanyika mwaka uliofuata uchaguzi ule, akaonyesha kwamba kama wote waliotumiwa karatasi wangejibu, jarida lingemtambua mshindi. Orodha ilipinda, na ukimya wa wasiojibu ukaipinda zaidi, kwa sababu waliojihimu kurudisha karatasi hawakuwa na msimamo mmoja na walionyamaza.

Maneno ya swali nayo huchagua, ingawa kwa siri zaidi, kwani wahojiwa wenyewe wanaweza kuwa wamepatikana kwa haki kabisa. Mwaka 1941 mtafiti Donald Rugg alichapisha matokeo ya jaribio ambamo kundi moja la Wamarekani liliulizwa kama nchi ipige marufuku hotuba za hadhara dhidi ya demokrasia, na kundi lingine kama iziruhusu. Kati ya waliotoa jibu, asilimia 54 walitaka zipigwe marufuku, ilhali asilimia 75 walisema zisiruhusiwe. Sheria ni ileile. Kinachobadilika ni uzito wa kutamka neno “marufuku”. Mwaka 1992 shirika la Roper liliuliza kama inawezekana au haiwezekani kwamba mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi hayakutokea kamwe, na asilimia 22 wakasema inawezekana. Swali lilipoandikwa upya mwaka 1994 bila ukanushi juu ya ukanushi, waliosema hivyo walikuwa asilimia 1. Kwa Kiswahili mtego huu una sura yake: mkulima akiulizwa “Hukupata mbegu za ruzuku?” akajibu “Ndiyo”, amesema hakupata, lakini katika dodoso lililotungwa kwa Kiingereza jibu hilo linaweza kuwekwa alama kwenye safu ya waliopata.

Wapo wanaosema kwamba ikiwa neno moja laweza kuhamisha watu 20 katika kila 100, basi tafiti za maoni hazina faida. Hoja hiyo inazidi ushahidi. Athari za maneno katika maswali ya Rugg na Roper zilionekana kwa sababu maswali yalichapishwa neno kwa neno na yakaulizwa tena kwa namna nyingine. Taarifa inayoficha swali lake ndiyo isiyostahili kuaminiwa. Wengine hudai kwamba sampuli iliyopinda hunyooshwa baadaye kwa kuyapa majibu uzito upya. Hilo husaidia pale tofauti inapojulikana, mathalani umri, jinsia au makazi. Haliwezi kurekebisha tofauti ya moyo kati ya aliyekubali kuhojiwa na aliyekataa, kwa kuwa tofauti hiyo haikuandikwa popote.

Dawa iliyo bora ni kuuzuia upendeleo mapema, hata kwa gharama. Mradi wa Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza, Tanzania Bara, ulihitaji kuhoji kwa simu katika nchi ambayo si kila mtu alikuwa nayo. Ulianza kwa kuchagua kaya kwa nasibu na kuzitembelea, kisha ukawapa wahojiwa simu na chaja za nguvu ya jua. Mtandao wa utafiti wa maoni wa Afrobarometer hufunga mahojiano kwa kumuuliza mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma wadodosaji, na wengi hutaja serikali. Jibu hilo halifuti hofu ya aliyelitoa, ila humwezesha mchambuzi kulinganisha sifa ambazo viongozi wamepewa na wanaodhani wanazungumza na dola, na zile walizopewa na wengine.