Kujumuisha au Kupachika? Historia ya Agizo Moja la Kompyuta

Istilahi tunayoishughulikia hapa ni ya agizo linaloiambia programu, inapolisoma faili lake la usanidi, ilisome na faili jingine kana kwamba maneno yake yameandikwa papo hapo. Awali tulidhani kazi ni nyepesi: tuandike "jumuisha", tuendelee na neno linalofuata. Historia ya agizo lenyewe imetulazimisha kusita.

Wazo hili lina umri. Waundaji wa lugha ya COBOL walilichagulia neno lenye maana ya kunakili. Martin Richards, aliyebuni BCPL mwaka 1967, akachagua lenye maana ya kuleta. Dennis Ritchie ameeleza kwamba lugha ya C ilipata agizo hili baina ya 1972 na 1973, kwa kutambua manufaa yake katika BCPL na PL/I. Huko neno la kujumuisha likashika mizizi, likitanguliwa na alama ya reli (#).

Alama hiyo ndiyo iliyozua utata. Katika faili la programu ya sudo, inayoamua nani apewe mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine, alama iyo hiyo huanzisha maelezo ambayo mashine huyapuuza. Basi msomaji aliweza kuuona mstari wa kujumuisha akadhani ni maelezo tu, ilhali mashine inautii. Mlango u wazi na mwenye nyumba hana habari! Ndipo mwaka 2020 toleo la 1.9.1 likaruhusu alama ya @, ingawa ile ya kale bado yakubaliwa.

Je, faili lililotajwa likikosekana? Git, tangu ilipopata agizo hili mwaka 2012, hunyamaza na kupita. Apache hukataa; na katika toleo la 2.4, la mwaka huo huo, iliongeza agizo la pili kwa mafaili yasiyo ya lazima. Sisi twaona njia ya Apache ndiyo ya haki, maana mwandishi hutamka mwenyewe kwamba kukosekana si kosa.

Lililotushinda zaidi ni mpangilio. Thamani moja ikitajwa mara mbili, Git kwa kawaida huifuata ya mwisho. OpenSSH, iliyopata agizo hili mwaka 2016, huishika ya kwanza. Kwa hiyo mahali agizo lilipowekwa pana uzito mkubwa. Sasa "jumuisha" humpeleka msikilizaji kwenye jumuiya, ambako hakuna wa mbele wala wa nyuma. "Ingiza" limekwisha kutwaliwa na kazi ya kutia data. "Pachika", kwa upande wake, humlazimu mtu kuuliza: wapi?

Kwa sababu hiyo tunapendekeza "agizo la kupachika". Wenye hoja ya kulitetea "jumuisha", ambalo tunakiri kuwa limezoeleka, watuandikie kabla orodha haijafikishwa mbele ya kamati ya usanifishaji.