Mpaka na Katizo katika Historia ya Ukambani

Katika historia ya Ukambani, 'kuwekewa mpaka' na 'kukatizwa' ni maneno yasiyofaa kuchanganywa. Kilichowekewa mpaka huendelea, ila ndani ya kikomo. Kilichokatizwa hukoma kabla ya wakati wake.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamuru mifugo ya Wakamba wa Machakos ipunguzwe, ikakamata ng'ombe na kuwauza kwa nguvu. Serikali ilidai kwamba huo ulikuwa mpaka tu, wa kuiponya ardhi iliyochakaa. Kwa mfugaji aliyenyang'anywa mali ya kuolea na ya kuvukia njaa, ufugaji wenyewe ulikuwa umekatizwa. Mwezi Julai umati wa wanaume, wanawake na watoto ulikwenda Nairobi kulalamika. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Uongozi wake ukakatizwa. Hata hivyo, amri nayo ilikatizwa, kwani kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kulazimisha.

Malili, iliyokuwa zamani katika wilaya hiyo hiyo, ilitengewa ekari 5,000 za mji wa Konza, mradi uliozinduliwa mwaka 2013. Wenye mashamba jirani, hadi kilomita 10, waliwekewa mpaka wa ujenzi. Ardhi ilibaki yao. Matumizi ndiyo yaliyobanwa.

Basi mwanahistoria akutanapo na neno 'mpaka', hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyelitumia.