Nimekupa Mji, Nipe Jibu

Wasee, kuna kitu lazima tuongee. Sirizi za mashujaa zimegeuka mtihani. Unamaliza kipindi, halafu unatafuta video ya dakika 20 ya mtu mwingine akuonyeshe mafumbo yaliyofichwa nyuma ya meza. Mimi mwenyewe hutengeneza hizo video, kwa hivyo najua leo nakata tawi nililokalia. Si neno.

Mambo hayakuanza hivi. Katuni za Marvel za miaka ya 1960, enzi za Stan Lee, zilikuwa na marejeo kibao. Lakini mhusika akitaja jambo la zamani, kulikuwa na kinyota, na pembeni kijisanduku kinakwambia lilitokea toleo gani. Ndiyo, ilikuwa pia njia ya kukuuzia toleo hilo. Lakini msomaji mgeni hakuachwa mlangoni.

Halafu ikaja Iron Man, 2008. Majina yakishapita yote, Nick Fury anatokea na kutaja Avengers. Ukiwa ulishatoka kuwahi matatu, hukukosa kitu. Hadithi ilikuwa imeisha. Lile fumbo lilikuwa nyongeza ya muuzaji, si kilo yenyewe.

Sasa ona WandaVision, Januari 2021. Kipindi cha 5 kinaisha kengele ya mlango ikilia, na anayeingia kama Pietro, kaka ya Wanda, ni Evan Peters. Hapo kila kitu kinategemea wewe kujua kwamba Evan Peters aliigiza jamaa huyohuyo kwenye filamu za X-Men za kampuni nyingine. Kama hujui, unaona tu mgeni mwenye nywele nyeupe. Na waliojua je? Walikesha wiki kadhaa wakijenga nadharia, kisha mwisho wakaambiwa ni jamaa wa mtaa anaitwa Ralph Bohner. Aliyejua na asiyejua, wote walitoka mikono mitupu.

Na wakati huo Disney+ haikuwa imefika Kenya. Hapa Ruiru na Thika wengi tuliziona kwa flash kutoka duka la muvi, tena hazijafuatana. Mtu ana kipindi cha 3 na cha 7, hana cha 5. Hadithi ikibebwa na marejeo, huyo msee amefungiwa nje.

Sisi mafumbo hatuyaogopi. Tumelelewa nayo. Kitendawili! Tega! Lakini kitendawili kina sheria: ukishindwa, unatoa mji. "Nimekupa Thika." Aliyetega akiupokea mji, lazima atoe jibu. Ukimpa mji akakutegea kingine juu yake bila kujibu cha kwanza, huyo anakuibia tu. Hizi sirizi zimechukua Thika, Ruiru, Juja na Githurai, na jibu bado liko "msimu ujao".

Mnaosema hadithi haiwezi kuwa ya wanaojua na pia iwe ya kila mtu, angalieni Shujaaz. Ilianza Februari 2010, ya bure, ndani ya gazeti la Daily Nation na kwa maajenti wa Safaricom, kwa Sheng. Boyie amemaliza shule, hana kazi, ana redio ya siri chumbani, wazazi hawajui. Imejaa vijembe vya mtaa ambavyo mgeni hatavishika vyote. Lakini kijana asiye na kazi anayemficha mamake jambo? Hiyo inaeleweka popote. Mwaka 2012 ikashinda Emmy ya kimataifa ya vipindi vya kidijitali.

Au DJ Afro. Mtu anachukua filamu ya Marekani na kuisimulia upya kwa Kiswahili chetu, na ukumbi mzima unacheka. Marejeo ya Hollywood anayatupa, anaweka ya kwetu. Kazi yake ni kumvuta mtu wa kiti cha nyuma aingie.

Kwangu hii si stori ya sinema tu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Najua vile inahisi kukaa mahali kila mtu anatikisa kichwa kwa jambo ambalo hukufundishwa, na wewe unatikisa pia ili usionekane. Burudani isitufanyie hivyo. Na kwenye base zetu, yule anayemcheka mwenzake kwa kutojua mhusika wa toleo la 1963 aache hiyo tabia.

Novemba 2023 The Marvels ilitoka. Mmoja wa mashujaa wake alipata nguvu ndani ya WandaVision, mwingine ndani ya Ms. Marvel. Ikaingiza pesa kidogo kuliko filamu yoyote ya ulimwengu huo hadi hapo. Sababu ni nyingi, lakini Mei 2024 bosi wa Disney, Bob Iger, alisema watapunguza sirizi za Marvel hadi karibu 2 kwa mwaka.

Kwa hivyo kipimo changu ni hiki: toa fumbo, hadithi ibaki imesimama. Ikianguka, haikuwa hadithi. Na nyinyi mnaochora na kurekodi huku kwetu, ficheni mtakacho, lakini mtu akitoa mji, mpeni jibu lake.