Vyombo vilikuwa hai, Goma haikusikia



Munakumbuka tarehe 27 Mei 2021. Boti zilianza kuteremsha watu kwenye bandari zetu, wengine na godoro kichwani, wengine na mtoto tu mgongoni. Goma ilikuwa imeambiwa itoke. Siku tano mbele, Jumamosi jioni ya tarehe 22, Nyiragongo ilikuwa imepasuka na wakaaji hawakupata onyo lolote. Kwetu tulipokea familia moja, na baba wa ile familia alikuwa anarudilia swali moja kila wakati: "Wale wa OVG walikuwa wanalala?" OVG ni Observatoire Volcanologique de Goma, ofisi inayochunga volkeno. Nilimjibu sawa vile watu wengi walijibu wakati ule, kwamba vyombo vyao vilikufa zamani.

Nilikosea. Ninaandika leo kusudi nisahihishe lile jibu. Historia yenyewe inaonyesha kitu kingine, na kile kitu kinagusa kazi ya wengi wetu, hata sisi wa kilimo.

Nianze na aibu yangu. Kisha kupata lisanse nilifanya kazi miezi kadhaa kwenye mradi mmoja katika Kabare. Tulikuwa na vipima mvua vinne vya kisasa, vile vinatuma hesabu vyenyewe kwa kadi ya simu. Mwezi wa 11, chombo kimoja kilionyesha 0 mm siku 16 mfululizo. Nikaanza kuandika kwenye ripoti kwamba ukame umeingia katikati ya msimu na maharagi yatapotea. Nilipofika shambani, mama mmoja alinionyesha mfereji wake uliobomoka, akaniuliza: "Mwanangu, ukame gani? Mvua imetumaliza hapa." Chombo hakikuwa na kosa, kilikuwa kinapima kila tone. Kadi ya simu njo iliishiwa unite. Na ile programu ya ofisini, kila siku ambayo haikupata habari, ilijaza sifuri. "Haikunyesha" na "sijasikia" viliandikwa kwa alama moja.

Sasa turudi kwenye volkeno.

Wale walifanya sutaje Mulungu wanajua Lwiro haiko mbali. Pale njo ilikaa IRSAC, taasisi ya utafiti ambayo Wabelgiji waliunda mwaka 1947, na leo tunaiita CRSN. Tangu miaka ya 1950 Lwiro ilikuwa na sismografu, chombo cha kuandika mitetemeko ya udongo. Wakati ule kuchunga mtandao wa vyombo ilikuwa kazi ya miguu: mtu anabadilisha karatasi kila siku, na chombo kikifa anakiona kwa macho, juu anakuta karatasi nyeupe. Hakuna mtu aliyeweza kufikiri karatasi nyeupe ni udongo uliotulia. Hata udongo uliotulia unaandika mstari.

Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ilifungua mbavu zake, na ziwa la moto lililokuwa kileleni likamwagika lote katika muda usiofika saa moja. Watu wengi walikufa, na makadirio yanaachana sana. Miaka ya 1980 Goma ikapata ofisi yake yenyewe, OVG, iliyozaliwa ndani ya familia ya Lwiro. Kisha vita vikaja, na vyombo vikaporwa au vikaharibika. Tarehe 17 Januari 2002, wakati lava ilipokata mji wa Goma na kuteremka mpaka ndani ya Ziwa Kivu, OVG ilikuwa na vituo viwili tu vinavyofanya kazi, Katale na Bulengo. Vituo viwili kwa volkeno mbili, Nyiragongo na Nyamulagira! Na wale watafiti, bila mshahara wa kuonekana, walikuwa wameona dalili na wakaonya. Watu zaidi ya 100 walikufa, na karibu 120,000 walipoteza nyumba. Ninapenda kulikumbusha hili kwa wale wanaosema shida yetu ni ujuzi.

Sisi wa Bukavu tulipata somo letu tarehe 3 Februari 2008, siku ya Mungu, wakati udongo ulitikisika hapa na ngambo ya Ruzizi. Nilikuwa mtoto, ninakumbuka vumbi na kelele. Rwanda peke yake watu zaidi ya 30 walikufa. Kisha miaka kama hiyo, wazo la kuwa na mtandao wa vyombo katika Kivu nzima lilipata nguvu. Kuanzia mwaka 2012, OVG pamoja na watu wa Luxembourg na wa makumbusho ya Tervuren walianza kuweka KivuSNet: sismografu za kisasa zaidi ya kumi, kandokando ya ziwa na kuzunguka volkeno, zinazotuma data palepale. Pamoja nazo kulikuwa pia vyombo vya GPS vinavyopima namna udongo unavimba.

Hapa njo kitu kilibadilika, na nafikiri wengi hatukukiona. Tangu siku ile, kuchunga volkeno kulikuwa pia kuchunga mtandao wa kompyuta. Mitetemeko inapita kwa antena, kwa ruta, kwa seva, kwa intaneti ambayo mtu anailipa mwisho wa mwezi. Pete moja ya mnyororo ikikatika, Goma haisikii, hata kama sismografu iko kule mlimani inaandika muzuri kabisa.

Watu wa informatiki walipambana na shida hii muda mrefu mbele yetu. Desemba 1983, Mmarekani mmoja, Mike Muuss, alikuwa na mtandao uliokuwa unasumbua, akaandika programu ndogo inayoitwa ping. Kazi yake ni sawa mtu anayeita jirani ngambo ya bonde: "Uko?" Jirani anajibu "Niko," na unahesabu jibu limechukua muda gani. Basi, ni hiyo tu, na mpaka leo kila fundi wa mtandao anaanza nayo. Mwaka 1988 ikaja SNMP, kanuni inayowezesha mashine yenyewe kutoa habari zake: trafiki ngapi, milango ipi imefungwa.

Mwaka 1999 Ethan Galstad alitoa NetSaint, programu ambayo baadaye iliitwa Nagios, na ndani yake mulikuwa na kitu kidogo ambacho ninakipenda kuliko vyote. Iligawanya kimya katika sehemu mbili. Kuna mashine iliyoanguka, na kuna mashine isiyofikika. Unaiambia programu: kile kituo kiko nyuma ya ile antena, na ile antena iko nyuma ya ile ruta. Ruta ikikatika, programu haikupigii kelele kwamba vituo kumi na tano vimekufa, inakuambia ruta imekatika na vile vingine haviwezi kuonekana. Ni sawa njia ya Ngomo ikifungwa na udongo: lori za Uvira hazifiki Bukavu, lakini hakuna mtu anasema Uvira imekufa. Zabbix, ambayo Alexei Vladishev wa Latvia aliitoa kwa watu wote mwaka 2001, iko na kanuni ya namna ileile: kama hakuna data iliyofika kwa dakika kadhaa, piga kengele. Kukosa habari kunahesabiwa kuwa habari. Wale wa sismolojia nao wako na dirisha kama lile ndani ya SeisComp, programu iliyotoka Potsdam, Ujerumani: kila kituo na rangi yake, kulingana na namna data zake zinachelewa.

Kwa hiyo mwaka 2020 dunia ilikuwa na miaka zaidi ya 20 ya programu zinazojua kusema "sijasikia". Mtu wa Goma alijua vizuri kabisa kwamba hasikii. Ule mwaka, msaada wa Benki ya Dunia kwa OVG ulifika mwisho na haukuendelezwa. Kuanzia mwezi wa 10, wakuu wa OVG wenyewe waliwaambia waandishi wa habari, ofisi ilikosa feza ya kulipa intaneti, na data za vituo vya mbali hazikuwafikia tena. Hali ile iliendelea mpaka Aprili 2021. Muunganisho ulirudi, na wiki chache tu kisha mlima ukapasuka.

Nilipokuwa ninajibu "vyombo vilikufa", nilikuwa ninasema kituo kimeanguka. Ukweli ni kwamba kilikuwa hakifikiki. Tofauti yake haiko ndogo. Chombo kilichokufa kinaomba fundi na vipuri vya ng'ambo. Chombo kisichofikika kinaomba bili ilipwe. Mimi nilimpa yule baba jibu linalomtupia fundi lawama, na lawama yenyewe ilikuwa ya mwenye kuandaa bajeti bila kuuliza nani atalipa kisha mradi kuisha.

Lakini hapa lazima niseme ukweli wote, hata kama unaharibu hadithi yangu. Mwaka 2022 watafiti, Delphine Smittarello na wenzake, wakiwemo wa OVG, walichapisha kazi katika gazeti la Nature. Walichambua data zote za mbele ya tarehe 22 Mei. Walikuta kwamba dalili za wazi zilianza dakika 40 hivi mbele ya lava kutoka. Dakika arobaini! Intaneti ingelipwa kila mwezi, bado mlima usingepiga hodi mapema. Kwa hiyo anayesema "kama Benki ya Dunia ingelipa, watu zaidi ya 30 hawangekufa" anasema kitu ambacho data haziwezi kubeba. Mimi pia niliwahi kukisema, kwenye baraza moja, kwa sauti kubwa.

Basi kuna haja gani ya ule mtandao? Jibu liko katika zile siku tano kati ya Jumamosi na boti. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, watu wakaanza kurudi, lakini udongo ulikataa kutulia. Sismografu na GPS, safari hii zikiwa zinafikika, pamoja na picha za satelaiti, zilionyesha kwamba moto wa chini unatembea kuelekea kusini, chini ya mji wenyewe na chini ya ziwa. Kwa msingi ule gavana wa kijeshi alitangaza usiku wa kuamkia tarehe 27 kwamba kartiye 10 kati ya 18 za Goma zitoke. Watu karibu 400,000 waliondoka, kuelekea Sake, Rwanda, Minova, na kwetu. Lava haikutoka tena. Wengine walikasirika kwamba walisumbuliwa bure. Mimi nikifikiri kwamba uamuzi ule ungechukuliwa mwezi wa pili, wakati skrini za OVG zilikuwa hazipati kitu, sijui gavana angesimama juu ya nini.

Wenzangu wengi sasa munafanya kazi na vituo vya mvua, vya maji, vya ziwa, na karibu vyote vinatuma kwa simu. Ombi langu ni dogo. Fungua ile programu yako leo, toa kadi ya simu kwenye chombo kimoja, ungoje kesho uone itaandika nini. Kama itaandika sifuri, iko na ugonjwa wa ile yetu ya Kabare. Angalia pia kengele yenyewe inapita wapi: tulikuta yetu ilikuwa inatumwa kwa imeli, kupitia intaneti ileile iliyokuwa inakatika. Tuliihamisha kwenye SMS. Na mbele ya kusaini mradi, muulizeni mtoa feza mwezi wa kwanza kisha mradi kuisha unite zitalipwa na nani. Swali lile linaudhi watu, nimeona.

Kuhusu zile siku 16: chombo kilikuwa na kumbukumbu yake ya ndani. Tulipokishusha na kukisoma, kilikuwa kimeandika 121 mm. Niliifuta ile sentensi ya ukame, na mfereji wa yule mama tuliujenga upya mwezi wa pili, ukiwa mpana zaidi.